Jua lipo, dawa ipo, mbona miguu inapinda?

Msomaji mpenzi, bila shaka umewahi kumwona mtoto mwenye matege. Akisimama, magoti yake huachana kama upinde uliovutwa. Akitembea, huyumba huku na huku kama bata. Shuleni tulifunzwa kwamba hayo huletwa na uhaba wa vitamini D, na dawa yake tukaikariri: mtoto aote jua la asubuhi, anywe maziwa, ale samaki na mayai, na mifupa itapata nguvu.

Mara nyingi ndivyo ilivyo. Lakini hebu mfikirie mama aliyeyatimiza hayo yote. Mtoto wake amecheza uani tangu alipojua kutambaa. Maziwa anakunywa. Kliniki amepewa matone ya vitamini D, na mama hakukosa kumpa hata siku moja. Hata hivyo miguu inazidi kupinda mwezi baada ya mwezi, na juu ya hayo nywele zimenyonyoka, kuanzia utosini hadi kwenye kope. Majirani wameanza kunong'ona. Huyu anasema mama hamlishi mtoto, yule anataja jicho baya. Damu ikipimwa, daktari anapigwa na butwaa, kwa maana dutu ile ya vitamini D ambayo mwili huitumia haikupungua hata kidogo. Imefurika.

Ugonjwa huu si hadithi ya kutunga. Upo, ingawa ni nadra sana, na ulielezwa katika jarida la utabibu la Marekani mwaka wa 1978. Kilichowasaidia wataalamu kuutegua ni protini moja ambayo leo hutengenezwa maabarani, ikatiwa katika vichupa vidogo kuliko kidole cha mwisho na kuhifadhiwa kwenye barafu kali. Jina lake ni refu: kipokezi cha vitamini D cha binadamu, kilichoundwa kwa jeni pandikizi. Usitishwe na jina. Tutakwenda nalo polepole.

Ufunguo na kufuli yake

Yafaa kwanza tuiandame safari ya vitamini yenyewe. Kusema kweli jina la vitamini haliifai sana, kwa sababu vitamini ni kitu ambacho mwili hukipata chakulani, ilhali hii twaweza kujitengenezea wenyewe. Ngozi ikipigwa na miale ya jua huianzisha kazi. Kutoka ngozini hupelekwa kwenye ini, ambako hubadilishwa mara ya kwanza, kisha kwenye figo, ambako hubadilishwa mara ya pili. Kinachotoka figoni ni homoni kamili iitwayo kalsitrioli. Ndiyo sababu mgonjwa wa figo, hata akishinda juani kutwa, aweza kuwa na mifupa dhaifu.

Kalsitrioli hutembea damuni ikaingia ndani ya seli, mathalani zile za utumbo. Ikifika humo peke yake haifanyi lolote. Ni ufunguo tu, na ufunguo hata uwe wa dhahabu haufungui kitu pasipo kufuli. Kufuli yenyewe ni protini inayokaa ndani ya seli ikiingoja. Hiyo ndiyo kipokezi cha vitamini D, na mwanafunzi atakayeendelea na biolojia ataikuta vitabuni kwa herufi tatu, VDR.

Ni mnyororo wa asidi amino 427 uliojikunja kama uzi uliofumbatwa kiganjani, lakini mkunjo wake una mpango. Upande mmoja una mfuko ambamo kalsitrioli huingia ikakaa barabara, na kipande cha mnyororo kikaufunika mdomo wa mfuko mithili ya kifuniko cha mtego wa panya. Upande mwingine una vidole viwili, kila kimoja kikiwa kimeshikilia zinki. Vidole hivyo huipapasa DNA, ule mkufu wa urithi, hadi vikapata mahali pake hasa. Wala kipokezi hakiendi huko pekee. Hushikana na mwenzake aitwaye RXR, wa ukoo wa vipokezi unaohusiana na vitamini A, nao wakatua bega kwa bega juu ya DNA.

Hapo jeni huamshwa. Seli ya utumbo huanza kuunda protini za kuivuta kalsiamu kutoka chakulani. Vitamini D isipokuwapo, utumbo hufyonza kati ya sehemu 10 na 15 tu katika kila 100 za kalsiamu tunayokula. Ikiwapo, sehemu hizo hufika 30 hadi 40. Tofauti hiyo ndiyo mfupa mnyoofu au mfupa uliopinda.

Sasa umekwisha kuona taabu ya mtoto wa yule mama. Ufunguo anao, tena tele, maana mwili unauunda kwa wingi ukidhani haujatosha. Kufuli ndiyo mbovu.

Vifaranga wenye matege

Dunia ilichelewa kuijua kufuli hii. Mnamo 1919 Edward Mellanby wa Uingereza alieleza jinsi alivyowalea mbwa wachanga ndani, akawalisha vyakula kama uji wa oti, wakapata matege. Alipowapa mafuta ya ini la samaki, ugonjwa haukuwapata. Mwaka huo huo, huko Berlin, daktari Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto kwa kuwaweka mbele ya taa yenye miale kama ya jua. Mmarekani Elmer McCollum akaonyesha mwaka wa 1922 kwamba kilichokuwa katika mafuta hayo ni tofauti na vitamini A, na kikaja kuitwa D kwa kuwa herufi zilizotangulia zilikuwa zimekwisha kutwaliwa.

Kwa miongo mingi watu walijua vitamini D inafanya nini bila kujua inafanyaje. Ilipofika 1969, Mark Haussler na Anthony Norman wa Chuo Kikuu cha California kule Riverside walichunguza utumbo wa vifaranga walionyimwa vitamini D hadi wakashikwa na matege. Ndani ya viini vya seli za utumbo huo wakakuta kitu kinachoidaka vitamini iliyokwisha kubadilishwa na mwili na kuishikilia. Kufuli ilikuwa imeonekana.

Kuonekana ni jambo moja, kuikamata ni jambo jingine. Protini hii huwa haba mno ndani ya seli. Ungechinja vifaranga wengi, ukasaga na kuchuja, na mwishowe ukaambulia chembe isiyotosha majaribio mawili matatu. Na kile cha binadamu je? Nani angejitolea utumbo wake usagwe?

Njia ilifunguliwa na ufundi mwingine kabisa. Mwaka wa 1973 wanasayansi wa California waliweza kukata kipande cha DNA na kukiunga kwenye DNA ya bakteria, na bakteria akakizalisha kama chake. Kufikia 1978 jeni ya insulini ya binadamu ilikuwa imepandikizwa ndani ya bakteria, na insulini hiyo ikaruhusiwa kutumiwa na wagonjwa wa kisukari mwaka wa 1982. Ikiwa kuna mtu nyumbani kwenu anayejidunga insulini, basi huenda matunda ya ufundi huu mnayaweka katika friji kila siku. Jeni ya kipokezi cha kuku ilipatikana 1987. Ya binadamu, nzima kutoka mwanzo hadi mwisho, ilitangazwa 1988.

Adui wa mahindi yetu

Hapa, msomaji, ndipo hadithi inapochukua mkondo ambao mkulima wa Kitale hataupenda.

Bakteria ni wapishi wepesi, lakini protini za binadamu mara nyingine huwashinda. Hujikunja ovyo zikagandamana kama ugali uliojaa madonge. Basi wataalamu wakageukia seli za mdudu. Mdudu mwenyewe ni nani? Ni Spodoptera frugiperda, yule kiwavijeshi vamizi kutoka bara la Amerika aliyethibitishwa kuingia Afrika mwaka wa 2016 na kufika Kenya mwaka wa 2017, akashambulia mahindi ya magharibi mwa nchi kabla ya kusambaa kwingineko. Usimchanganye na kiwavijeshi wa Kiafrika tuliyemzoea tangu zamani. Huyo ni binamu yake.

Miaka 40 kabla ya kiwavi huyo kukanyaga shamba la Mkenya, mnamo 1977, wanasayansi wa Marekani walieleza jinsi walivyochukua seli za ovari zake akiwa angali pupa, kabla ya kugeuka nondo, na kuzifunza kuishi ndani ya chupa. Kizazi cha seli hizo kiko hai hadi leo. Hazihitaji makuu: maji yenye sukari na lishe nyingine, na joto la nyuzi 27, karibu sawa na lile la Mombasa.

Virusi fulani vya wadudu, viitwavyo bakulovirusi, vina kawaida ya kuiteka seli ya kiwavi na kuilazimisha iunde protini moja kwa wingi wa kupindukia. Mwaka wa 1983 watafiti huko Texas walionyesha kwamba unaweza kuiondoa jeni ya protini hiyo, ukatia jeni uitakayo mahali pake, na seli iliyotekwa ikaunda chako wewe. Mwaka wa 1991 kundi la watafiti, akiwemo yule yule Haussler wa vifaranga, likatangaza kwamba limekiunda kipokezi cha vitamini D cha binadamu kwa njia hiyo.

Kazi yenyewe huenda hivi. Virusi vyenye jeni ya binadamu humwagwa kwenye chupa ya seli. Baada ya siku mbili au tatu seli zimejaa protini na zinakaribia kufa. Hukusanywa, zikapasuliwa juu ya barafu, kisha mchuzi wake ukapitishwa kwenye bomba lililojazwa chembe ndogondogo zinazokinasa kipokezi na kuacha mengine yapite. Kinachopatikana hutiwa gliserini, ile ile ya kujipaka ngozi kavu, ili kisiharibike kinapogandishwa. Mwisho hugawanywa kwenye vichupa na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Kikiachwa mezani saa nyingi, nguvu zake huanza kuisha. Hakiuzwi kama dawa wala hakipewi mgonjwa. Vichupa huwa vimeandikwa kwamba ni vya utafiti pekee.

Vijishimo 384

Utauliza, kama si dawa, kina faida gani? Kwanza, ni mizani ya kupimia dawa. Kalsitrioli yenyewe ni kali. Ukimpa mgonjwa nyingi, kalsiamu hupanda damuni kupita kiasi na kuweza kumletea kichefuchefu, mawe katika figo, hata moyo kupiga ovyo. Kwa hiyo wanakemia wameunda jamaa zake kwa mamia, wakitafuta atakayefanya kazi moja bila kuharibu nyingine. Baadhi wamekwisha kuwa dawa, mathalani kalsipotrioli, inayopakwa kwenye ngozi ya wagonjwa wa soriasisi.

Huwezi kuwajaribu jamaa wote hao juu ya watu. Hujaribiwa kwanza juu ya kipokezi. Chukua sahani ya plastiki yenye vijishimo 384, kila kijishimo hakizidi tone. Ndani yake mna kipokezi, pamoja na kichembe kinachong'aa kilichokwisha kuingia mfukoni mwake. Kichembe kikiwa kimeshikwa huzunguka polepole. Kikiachiliwa huzunguka kwa kasi, na mashine huitambua tofauti hiyo kwa mwanga. Sasa tia dawa mpya. Ikikifukuza kichembe na kukaa mahali pake, umepata ufunguo unaoingia. Isipokifukuza, tupa, jaribu ya pili.

Faida nyingine ilipatikana Ufaransa. Mwaka wa 2000 watafiti wa Strasbourg wakiongozwa na Dino Moras walitoa picha ya mfuko wa kipokezi, kalsitrioli ikiwa ndani. Walikuwa wamekwamishwa na sehemu moja ya mnyororo inayocheza-cheza kama mkia, isiyokubali protini ijipange kuwa fuwele. Wakaikata jeni kwenye sehemu hiyo, zikaondoka asidi amino zipatazo 50, wakaipa bakteria jeni iliyobaki aiunde, na fuwele zikapatikana. Kwa maoni yangu hapo ndipo uzuri wa ufundi huu unapoonekana wazi. Kiungo cha kuazima huwezi kukipunguza utakavyo, lakini ulichokiunda mwenyewe unaweza.

Na faida ya tatu inaturudisha kwa yule mama. Mwaka 1988, baada ya jeni kupatikana, watafiti wa Marekani waliisoma jeni ya watoto wagonjwa kutoka familia mbili. Katika kila familia waliona kosa la herufi moja tu ya DNA, kwenye vile vidole vyenye zinki. Wakaviunda maabarani vipokezi vyenye kosa lile lile na kuvijaribu. Ufunguo uliingia mfukoni vizuri kabisa. Ila vidole havikuweza kuishika DNA sawasawa. Ni sawa na kufuli inayozunguka bila kuutoa komeo.

Katika familia nyingine, kosa lilikutwa mfukoni, na tofauti hiyo haikuwa ya kitaaluma tu. Wenye kosa la mfukoni, baadhi yao, hupata nafuu wakipewa kalsitrioli au jamaa zake kwa vipimo vikubwa mno, kwa sababu mfuko uliolegea huweza kuridhika funguo zikiwa nyingi. Wenye kosa la vidoleni aghalabu hawafaidiki, hata ukiwamiminia. Kwa hao madaktari waligundua njia ya mkato katika miaka ya 1980: kalsiamu hupitishwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, usiku baada ya usiku kwa miezi mingi, bila kuupitia utumbo uliokataa kazi. Mifupa ikaanza kukomaa. Ni tiba ngumu, yenye hatari ya maambukizi, lakini watoto waliokuwa hawasimami walisimama.

Kuhusu minong'ono ya majirani, ukweli ni huu. Kwa kawaida mtoto huupata ugonjwa huu anaporithi nakala mbovu ya jeni kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, nao wazazi wenyewe ni wazima. Katika kila mimba uwezekano ni mmoja kati ya wanne. Familia nyingi zilizoripotiwa ni zile ambazo mume na mke ni jamaa wa damu, kwa mfano watoto wa ndugu. Hapakuwa na jicho baya, wala chakula alichonyimwa mtoto.

Usiikimbilie chupa

Yote hayo yasikufanye udhani kila mwenye matege ana kufuli mbovu. Walio wengi wana funguo chache, au hawana mali ya kufungulia. Hata Nairobi, jiji lililo chini ya ikweta kidogo tu, madaktari wameripoti watoto wenye matege katika mitaa ya mabanda. Jua liko juu ya paa, lakini mtoto hushinda chumbani, au hufunikwa blanketi hadi puani kwa hofu ya baridi. Kule Nigeria, utafiti uliochapishwa mwaka wa 1999 ulionyesha jambo jingine: watoto wengi wenye matege walikuwa wakikosa kalsiamu hasa, na walipopewa kalsiamu, pamoja na vitamini D au bila hiyo, walipata nafuu kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Uji wa mahindi mtupu hauna kalsiamu ya kutosha. Wimbi umeyashinda mahindi mbali kwa hilo, na omena anayeliwa na mifupa yake amemshinda samaki wa minofu.

Aidha, kipokezi hiki kilipoonekana katika seli za aina nyingi sana, zikiwemo za ngozi na za kinga, palizuka matumaini kwamba vitamini D ingezuia karibu kila ugonjwa, na wauza tembe hawakulala. Marekani ilifanya jaribio la watu 25,871, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2019. Waliomeza vitamini D kila siku hawakuugua saratani wala magonjwa makubwa ya moyo kwa uchache kuliko waliomeza tembe zisizo na kitu. Aliyepungukiwa na apewe. Asiyepungukiwa akijimiminia anatafuta mawe ya figo kwa pesa zake. Mtoto wako akionyesha matege baada ya kupita miaka miwili, au yakizidi, au yakiambatana na kunyonyoka nywele, mpeleke hospitali apimwe damu na kupigwa picha ya mifupa kabla hujanunua chochote.

Lakini zile nywele je? Bila shaka hujazisahau. Watoto waliotiwa kalsiamu mshipani walinyooka miguu, na nywele hazikurudi. Mnamo 1997 makundi mawili ya watafiti, moja Japani na jingine Marekani, yaliunda panya wasio na kipokezi hiki kabisa. Panya hao walipata matege na kunyonyoka manyoya. Baadaye walipolishwa kalsiamu kwa wingi, mifupa ilipona, na wakabaki na upara. La kustaajabisha zaidi ni kwamba watoto wenye ugonjwa mwingine, ambao figo zao haziwezi kuiunda kalsitrioli, hupata matege makali na huku nywele zao zimejaa kichwani. Maana yake ni kwamba pale penye shina la unywele, kufuli hii hufanya kazi yake bila ufunguo.

Inafanyaje? Watafiti wanaendelea kukiyeyusha kichupa kimoja baada ya kingine wakitafuta jibu, na kila kichupa kinachotoka kwenye seli za kiwavi kina deni la yule nondo tunayemlaani shambani.